Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujitolea kuhesabu ndege wa majini kwenye mwambao wa Mwanza

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila Desemba, wiki chache kabla ya hesabu ya Januari. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo si lazima kusoma kwa mfuatano. Ukiwa na haraka, soma angalau la 9 na la 15.

## Misingi

1. Kuhesabu ndege kunasaidia nini hasa?

Kunasaidia kujua ni kipande gani cha mwambao kisiguswe, na kuwa na hoja siku mtu akitaka kukigusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini mita 60 za mchanga mtupu na mita 60 za mafunjo yenye mamia ya ndege waliolala si kitu kimoja, na afisa mipango hawezi kuzitofautisha akiwa mezani na ramani. Anahitaji namba zenye tarehe na mahali.

Kuna pia kigezo cha Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu: eneo oevu huhesabika kuwa na umuhimu wa kimataifa likiwa na ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, au asilimia 1 ya idadi yote ya spishi moja. Tanzania ina maeneo manne ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, bonde la Ziwa Natron, bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja kwenye Ziwa Victoria. Huwezi kupeleka hoja ya asilimia 1 bila hesabu za miaka kadhaa, na watumishi wa serikali hawatoshi kusimama kila ghuba asubuhi moja. Hapo ndipo wajitoleaji wanapoingia.

2. Kwa nini Januari?

Katikati ya Januari ndipo inapofanyika Sensa ya Ndege wa Majini Afrika, inayoratibiwa na Wetlands International, shirika la kimataifa la maeneo oevu, tangu 1991. Wakati huo wageni kutoka Ulaya na Asia, kama sululu wadogo na buabua, wameshatulia kwenye maeneo yao ya msimu. Kila nchi ikihesabu kwa wakati mmoja, ndege wale wale hawahesabiwi Kenya leo na Mwanza mwezi ujao.

Kuhesabu tena Julai kunafaa sana. Kunakuonyesha zaidi wenyeji, wageni wengi wakiwa wamekwenda. Ila usijumlishe Julai na Januari, wala usizilinganishe kana kwamba ni kitu kimoja.

3. Lazima niwe mtaalamu wa ndege?

Hapana. Timu nzuri ina watu watatu: mmoja anatazama na kutaja, mmoja anaandika, mmoja anaangalia kinachoingia na kutoka pamoja na usalama wa wenzake. Mwandishi hahitaji kujua hata ndege mmoja. Anahitaji mwandiko unaosomeka na ujasiri wa kusema "rudia, sikusikia".

Mtazamaji aanze na wachache wanaojaza fomu nyingi za hapa: mnandi, mbizi, yangeyange, kwarara, kongoti, furukombe, fundichuma, shakwe, buabua, mwari na bata bukini. Ukiwajua hawa bila kubabaika, unafaa kukaa pointi moja, yaani mahali palipopangwa pa kusimama na kuhesabu, pamoja na mtu mzoefu.

4. Nitalipwa posho?

Hapana, na ni vizuri jambo hili lisemwe mapema. Nauli, maji ya kunywa na mafuta ya boti ni vya kukubaliana na kiongozi wa timu kabla ya siku ya hesabu, si baada yake. Kikundi kinachonyamazia suala la nauli hupoteza watu wake wa Kayenze na Luchelele mwaka wa pili, wakabaki wanaokaa mjini tu, na pointi za mbali zikafa.

5. Nije na vifaa gani?

Darubini ya 8x42 inatosha. Ya 10x inaonekana bora dukani, lakini mkono ukitikisika kidogo, picha nayo inacheza, na kwenye boti ndiyo kabisa. Kwa ghuba pana, timu moja iwe na teleskopu ya kukuza mara 20 hadi 60 yenye miguu mitatu.

Leta penseli, si kalamu: wino unayeyuka matone yakiingia. Daftari gumu, kofia, maji lita moja na nusu, simu yenye chaji, na nguo za rangi iliyofifia. Kaunta ya kubonyeza kwa kidole ni nzuri kwa kundi la aina moja, lakini inakuchanganya aina zikiwa tatu.

## Kuhesabu kwenyewe

6. Nikifika kwenye pointi, naanzia wapi?

Fika kabla ya saa 1 asubuhi. Simama pale pale palipoandikwa, si hatua hamsini pembeni kwa sababu kuna kivuli. Kaa kimya dakika mbili au tatu ndege wakuzoee. Andika muda wa kuanza, upepo, mawingu, na idadi ya mitumbwi unayoiona.

Halafu pitisha darubini mara moja kutoka kushoto kwenda kulia bila kuhesabu, ujue kuna nini. Pitisha mara ya pili ukihesabu makundi makubwa na ndege walio karibu kuondoka. Mara ya tatu ni ya wadogo na waliojificha: ukingo wa matete, chini ya mawe, juu ya vigingi vya nyavu. Wengi huishia mara ya pili, ndiyo maana fomu zao zina mnandi tele na hazina sululu hata mmoja.

Maliza kabla ya saa 4. Baada ya hapo joto linapanda, upepo wa ziwani unaanza kuinua mawimbi, na ndege anayeelea anaonekana na kupotea.

7. Kundi la mamia nalihesabuje?

Hesabu kumi mmoja mmoja. Tazama kumi hao wanachukua nafasi kiasi gani, kisha tumia nafasi hiyo kupata hamsini, halafu mia, ukisogea mbele mpaka mwisho wa kundi. Rudia ukianzia upande wa pili. Namba mbili zikikaribiana, chukua wastani. Zikitofautiana sana, hesabu mara ya tatu.

Macho ya binadamu hupunguza kundi kubwa, na kadiri kundi linavyokua ndivyo upungufu unavyoongezeka. Kubahatisha kwa kutupia jicho mara moja hakufai. Kundi likiwa mchanganyiko, pata jumla kwanza. Kisha chagua vipande vitatu vya kundi, kila kimoja uhesabu ndege mia na kuona ni wangapi wa kila aina, ndipo ugawe jumla kwa uwiano huo. Usichukue vipande vyote pembeni, kwani mara nyingi wadogo husukumwa huko.

8. Ndege wanaruka huku na huku. Nitaepukaje kuhesabu yule yule mara mbili?

Wanaoruka kutoka nyuma, yaani eneo ulilokwisha kuhesabu, kwenda mbele, waache. Wanaoondoka kutoka mbele kwenda nyuma kabla hujawafikia, wahesabu. Wanaopita juu bila kutua waandike pembeni na alama ya kuruka, muda na uelekeo.

Muda na uelekeo ndivyo vinavyookoa hesabu kati ya timu mbili. Timu ya Capri Point ikiandika "mwari 40, 07:35, kwenda kusini" na ya Luchelele ikaandika "mwari 40, 07:50, kutoka kaskazini", kiongozi ataondoa rekodi moja. Bila dakika hizo, mwari arobaini wanakuwa themanini.

9. Sikuona ndege hata mmoja. Kuna haja ya kutuma fomu?

Ndiyo, tena fomu hiyo ina thamani sawa na ya mwenzako aliyeona elfu moja. Tuma muda wa kuanza, wa kumaliza, na sifuri. Pointi isiyotumwa inasomeka kama pointi ambayo hakuna aliyefika, na miaka mitatu baadaye hakuna atakayejua kama ndege walitoweka au mhesabuji alichelewa daladala.

Tofautisha alama tatu. "0" ni nilitafuta aina hii, haikuwepo. Kistari "-" ni sikuweza kutafuta, kwa mfano kwa sababu ya ukungu. "X" ni walikuwepo lakini sikuwahesabu. Itumie mara chache sana, maana X haijumlishiki.

10. Jua linanipiga machoni. Nifanye nini?

Kwenye Ghuba ya Mwanza jibu linategemea ng'ambo uliyopo. Upande wa jiji, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, asubuhi unatazama magharibi na jua liko mgongoni: hali nzuri kabisa. Upande wa Kamanga na Sengerema unatazama mashariki, na kila ndege ni kivuli cheusi. Huko pointi zihesabiwe kuanzia saa 10 jioni, na ziendelee kuwa za jioni kila mwaka. Usihamishe pointi ya jioni kwenda asubuhi kwa sababu tu mwaka huu una kazi alasiri.

11. Yangeyange wote ni weupe. Nawatofautishaje?

Angalia mdomo na miguu kabla ya ukubwa, kwani ukubwa unadanganya pasipo kitu cha kulinganisha. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, kama aliyevaa soksi. Yule wa kufuata ng'ombe ana mdomo mfupi wa njano na shingo nene. Wa kati ana mdomo wa njano na miguu myeusi. Yule mkubwa ana shingo yenye kona kali, na mstari wa pembe ya mdomo wake unapita nyuma ya jicho. Kwa wa kati mstari huo unaishia chini ya jicho.

Usipokuwa na hakika, andika "yangeyange, aina haikujulikana" na idadi. Hilo linatumika. Kubahatisha aina kunaharibu safu mbili kwa wakati mmoja: uliyoijaza na uliyoiacha.

12. Nihesabu na wale wanaozengea dagaa mwaloni?

Ndiyo, lakini kwa pointi yenye jina lake. Mwalo kama Kirumba huvuta kongoti, yangeyange na mwewe kwa sababu ya dagaa na mabaki ya samaki. Wingi wao unaeleza habari za chakula cha bure kuliko hali ya ziwa, kwa hiyo usiwachanganye na ndege wa ghuba jirani.

Jambo ambalo wageni hawalijui na wavuvi wote wanalijua: dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikiwa kali uvuvi hupungua au kusimama. Vichanja na mchanga vikiwa vitupu, ndege nao wanatawanyika. Mwaka mmoja ukihesabu mwezi mchanga na mwaka unaofuata mwezi mpevu, utatangaza anguko ambalo halikutokea. Andika umri wa mwezi kwenye fomu za mwaloni, na uulize kama boti zilitoka usiku uliopita.

13. Ghuba imefunikwa na magugu maji. Nihesabu au niahirishe?

Hesabu. Kadiria eneo lililofunikwa kwa robo: hakuna, robo, nusu, robo tatu, lote. Magugu husafiri na upepo; ghuba iliyojaa asubuhi inaweza kuwa wazi jioni, na ndege wanaotembea juu ya majani, kama koikoi wadogo, huondoka nayo. Bila kadirio hilo, mbizi wachache wataonekana kama tatizo la samaki wakati ni suala la maji kuzibwa.

14. Nawasikia ndege ndani ya mafunjo ila siwaoni.

Kwa mafunjo tunatumia njia nyingine: simama ukingoni dakika kumi, andika kila aina unayoisikia na umbali wa kukadiria (chini ya mita 50, au zaidi), kisha sogea mita 200 kwa pointi inayofuata. Mafunjo ya Ziwa Victoria yana ndege wanaokaa kwenye mafunjo tu, kama gonoleki wa mafunjo mwenye tumbo jekundu na utosi wa njano, na huyu utamsikia mara nyingi kabla ya kumwona. Usicheze sauti yake kwenye simu ili atoke. Anaacha kiota akidhani amevamiwa, na hesabu yako inaongezeka kwa ndege uliowaita mwenyewe.

## Usalama na vibali

15. Hatari kubwa ni zipi?

Kwa takwimu za matatizo ya ziwani, maji yenyewe kwanza. Kwenye boti kila mtu avae jaketi okozi, alivae na alifunge. Lililokaliwa kama mto halisaidii. Radi za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo wingu jeusi upande wa ziwa likionekana mnapojiandaa, boti isiondoke. Pointi za nchi kavu zinatosha siku hiyo.

Kichocho huingia kupitia ngozi kwenye maji ya kina kifupi yenye mimea, yaani hapo hapo unapotamani kuingia ili uone vizuri. Usiingie. Ikibidi, vaa buti za mpira zisizovuja. Ukilowa, kapime wiki sita au zaidi baadaye; kupima kesho yake hakuonyeshi kitu.

Mamba na kiboko: usisimame ukingoni penye matete marefu, na usikae kati ya kiboko aliye nchi kavu na maji. Waulize wavuvi wa hapo kabla ya kushuka. Wanajua ni mwamba upi una mamba.

16. Nahitaji kibali?

Kuhesabu ukiwa barabarani au mwaloni hakuhitaji zaidi ya adabu: jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni), ueleze unafanya nini na darubini. Mtu anayeandika kwenye daftari akitazama mitumbwi hudhaniwa ni wa doria ya kusaka kokoro (wavu haramu wa kukokota), na hapo ushirikiano unakwisha.

Hifadhi za Taifa za Kisiwa cha Saanane na Kisiwa cha Rubondo ziko chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), omba mapema. Utafiti rasmi unapitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali, tena inatawanya makundi, hivyo tunashauri iachwe nyumbani. Usielekeze kamera bandarini wala kwenye maeneo ya jeshi.

17. Nimeokota unyoya mzuri au nimekuta ndege amekufa.

Viache. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, manyoya na mayai ya ndege wa porini ni nyara. Ndege aliyekufa usimguse kwa mkono mtupu, kwa sababu ya mafua ya ndege na sumu. Piga picha, andika mahali, mpigie afisa mifugo. Wakiwa kadhaa mahali pamoja, piga simu papo hapo, usingoje kumaliza hesabu.

## Fomu

18. Ni makosa gani yanayorudisha fomu nyingi?

Saa ndiyo ya kwanza. "Saa 1" inaingizwa kwenye kompyuta kama 01:00, na tunapata mnandi waliohesabiwa usiku wa manane. Andika kwa mtindo wa saa 24: 07:00.

Ya pili ni alama ya kutoa kwenye latitudo. Mwanza iko karibu na -2.5, 32.9. Ukiisahau alama hiyo, pointi yako inahamia kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira. Ukizigeuza namba, inaangukia Moroko.

Nyingine ni jina la pointi kubadilika kila mwaka ("Kwa Mzee", "Jiwe kubwa", "karibu na jiwe"). Tumia jina na namba iliyo kwenye orodha hata kama wenyeji wa sasa wanapaita vingine.

19. Naweza kutumia programu ya simu badala ya karatasi?

Unaweza. eBird na BirdLasser zinafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Kwenye eBird chagua orodha kamili tu kama umeandika kila aina uliyoitambua. Hata hivyo beba karatasi: kwenye programu hakuna safu za magugu, mitumbwi wala umri wa mwezi, na simu inazimika.

20. Namba zimepanda mwaka huu. Kwa nini hatutangazi?

Kwa sababu miaka miwili si mwelekeo. Mvua ya Usukumani ikijaza mabwawa na majaruba ya mpunga, ndege huliacha ziwa na kwenda huko. Mwaka wa ukame wanarudi. Tunalinganisha pointi zilizohesabiwa kwa njia ile ile tu, na tunapenda kuwa na angalau miaka mitano kabla ya kutamka "ongezeko" au "upungufu" mbele ya halmashauri. Namba ikitangulizwa kisha ikageuka, hata ile sahihi ya baadaye haisikilizwi.

## Hali zisizo za kawaida

21. Kuna kiboko na fisi maji kwenye pointi yangu. Niwaandike?

Ndiyo, kwenye sehemu ya maelezo. Kiboko huzama dakika kadhaa, kwa hiyo hesabu vichwa kila baada ya dakika tano kwa dakika ishirini, na uandike namba kubwa kuliko zote, si jumla yake. Fisi maji huonekana kwa nadra. Tafuta kinyesi juu ya mawe chenye magamba na mifupa ya samaki, au vipande vya kaa. Aliyenaswa kwenye nyavu aandikwe pia, bila jina la mwenye nyavu.

22. Nimeona kiota cha korongo taji. Niweke picha mtandaoni?

Hapana. Korongo taji yuko hatarini kutoweka duniani, na makinda yake hukamatwa yauzwe yakiwa hai. Picha ya simu inaweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa bila wewe kujua. Mpe kiongozi wa timu peke yake, ondoka taratibu, usirudi kuangalia.

23. Pointi yangu imezama. Nisimame wapi?

Maji ya ziwa yalipanda sana 2020 na tena 2024, na pointi kadhaa za mchangani zikawa ndani ya maji. Usirudi nyuma mita mia ukaendelea kutumia jina lile lile. Unachokiona kutoka hapo ni kipande tofauti cha maji.

Fungua pointi mpya yenye namba yake, kwenye mwinuko ikiwezekana (miamba ya Mwanza inafaa, haihami). Ya zamani ijaziwe "haikufikika" na kistari, si sifuri. Maji yakishuka, hesabuni zote mbili asubuhi hiyo hiyo kwa Januari mbili au tatu mfululizo, ndipo muamue ipi iendelee.